Kichwani Kuna Pafu: Jinsi ya Kusoma Majibu ya Kinyama Saratani ya Mapafu Ikifika Ubongoni

Mjomba wangu amefundisha hesabu miaka 31, kwa hiyo karatasi yenye namba haimtishi. Alipokabidhiwa majibu ya kinyama kilichotolewa kichwani mwake, aliyasoma mstari kwa mstari, kisha akanipigia simu saa nne usiku. Shikamoo yangu hata hakuiitikia. "Hawa wamechanganya mafaili. Mimi nimepasuliwa kisogoni, wao wananiandikia habari za mapafu. Kwani kichwani kuna pafu?"

Lipo, Mjomba. Ndiyo hivyo hasa.

Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia hapa Dar es Salaam, mwaka wa 17 sasa. Nyama inayotolewa mwilini mwa mgonjwa inapita mikononi mwangu kabla haijafika kwenye hadubini ya daktari: naiandaa, naigandisha kwenye nta, naikata nyembamba kuliko utando wa kitunguu, naitia rangi. Majibu hayasainiwi na mimi, wala dawa simwandikii mtu. Ila majirani wameshajua ninakofanya kazi, na jioni hazipiti mbili bila mtu kubisha hodi na bahasha ya kaki. Haya ndiyo ninayowaambia, na ndiyo niliyomwambia Mjomba.

Anza na mstari wa asili

Usikimbilie mwisho wa karatasi. Tafuta sehemu yenye herufi na namba zilizopangwa: CK7, TTF-1, p40, GFAP na nyinginezo. Hizo ni protini. Tunachofanya ni kumwagia kipande cha nyama kingamwili inayoitambua protini moja tu. Ikiikuta, pale mahali panabaki na rangi ya kahawia. TTF-1 hukaa ndani ya kiini cha seli za pafu, na za tezi ya shingoni pia. GFAP ni ya seli za ubongo zinazoitwa astrosaiti. Sasa kwa Mjomba, viini vyote vya uvimbe vilikuwa kahawia kwa TTF-1, CK7 ilikuwa chanya, na GFAP ilionekana pembeni tu, kwenye ubongo wenyewe uliouzunguka uvimbe. Mgeni kaketi katikati, wenyeji wamesogezwa ukutani. Huo ni uvimbe uliotoka pafuni, aina ya adenokasinoma, ile inayoanzia kwenye seli zinazotoa ute.

Ingekuwa p40 ndiyo chanya, tungezungumzia aina ya skwamasi, ya seli bapa. Ukiona protini za sinaptofizini na kromogranini, mara nyingi ni saratani ya seli ndogo, ugonjwa wenye mwendo wake wa haraka: jeni mbili za breki, TP53 na RB1, karibu kila mara zimeharibika, na ubongoni hufika mapema. Hiyo ina matibabu yake, na mengi ya nitakayoyasema huko chini kuhusu swichi, yaani jeni zilizobadilika zinazoiamuru seli ikue, hayaihusu.

Maana ya mstari huu ni moja. Hakuna saratani mbili. Mama mdogo alikuwa ameshafungua kundi la simu kuchangisha pesa za "kansa ya pili", nikamwomba alifunge. Mapafu ndiyo yanayoongoza duniani kwa kupeleka saratani ubongoni, na kilichoko kichwani kinatibiwa kama pafu lililohamia kichwani, si kama ugonjwa wa kichwa.

Nipite haraka kwenye jambo linaloniuma: Mjomba alikuwa ameshameza dawa za TB miezi sita kwa sababu ya doa kifuani, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kimelea hata mara moja. Doa likibaki baada ya dawa na makohozi yakawa hasi, omba CT ya kifua na kinyama. Usisubiri mtu aanze kuyumba.

Imepandaje huko juu

Hili aliliuliza yeye mwenyewe. Sikutaka kumjibu juu juu, maana mbele kidogo ndilo litakalokusaidia kuuliza swali la dawa.

Damu inayotoka kwenye mapafu inaingia upande wa kushoto wa moyo na papo hapo inasukumwa mwili mzima. Saratani ya utumbo ikitoa seli, hukwama kwanza kwenye ini, na zikipita hapo zinakutana na chujio la mapafu. Seli ya pafu imeshalipita chujio hilo tangu mwanzo. Na ubongo peke yake, kichwa kidogo hivi, unapokea kati ya asilimia 15 na 20 ya damu anayoisukuma mtu akiwa ametulia. Seli zinakwama pale mishipa inaposinyaa ghafla, mpakani mwa tabaka la kijivu na tabaka jeupe. Karibu asilimia 80 ya vivimbe hivi hukaa kwenye ubongo mkubwa, na kama 15 kwenye ubongo mdogo wa kisogoni unaoshika mizani ya mwili. Cha Mjomba kilikuwa huko, ndiyo maana alikuwa anatembea kama mlevi na pombe hajawahi kuionja.

Lakini kukwama si kuota. Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London, aliandika mwaka 1889 kwamba mbegu hutawanyika kila upande ila huota kwenye udongo unaoikubali. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliweka kidirisha cha kioo kwenye fuvu la panya wakaziangalia seli moja moja kwa wiki kadhaa. Seli ilipaswa inase kwenye kona ya mshipa, itoke nje ya mshipa, ibaki imeukumbatia, kisha ndipo izaane. Iliyokosa hatua moja ilikufa, na nyingi zilikosa. Za pafu zilizofaulu zilianza mapema kujitengenezea mishipa mipya ya damu.

Kwa nini nyingi zinakufa? Hapa ndipo napenda mimi. Mwaka 2014 kundi la Joan Massagué huko New York lilionyesha, kwa panya waliopandikizwa seli za saratani ya pafu na ya titi, kwamba ubongo una ulinzi wake. Zile astrosaiti huchochea kupatikana kwa plasmini, kimeng'enya chenye kazi mbili: kinaikata L1CAM, protini ambayo seli ya saratani inaitumia kung'ang'ania mshipa, na kinaachilia ishara ya kifo inayoitwa FasL. Seli chache zinazopona ni zile zinazotoa serpini, protini inayozuia plasmini isitengenezwe. Mojawapo inaitwa neuroserpini, na hiyo kwa kawaida ni mali ya seli za neva za ubongo wenyewe. Mwizi kaingia amevaa kanzu ya mwenye nyumba. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba seli iliyosalimika inafungua vitundu kati yake na astrosaiti, inapitisha kichembe cha ishara kiitwacho cGAMP, na astrosaiti inaitikia kwa kutoa protini zinazoisaidia seli ile kukua na kuhimili dawa za dripu. Mlinzi kageuzwa mpishi.

Serpini na cGAMP hutaziona kwenye karatasi yako. Utakachokiona ni swichi, na kuiona kunategemea kitu kimoja ambacho watu hawakiulizii kabisa.

Ilinde bloku

Kinyama chako kinapofika kwetu kinaishia ndani ya kipande cha nta, kwenye kisanduku cha plastiki kidogo kuliko kiberiti, chenye namba. Hiyo ndiyo bloku. Kila rangi tunayotia inakula kipande chenye unene wa mikroni 3 hadi 5. Kipimo cha jeni nacho kinataka vipande vyake, kumi au zaidi.

Kabla ya kupasuliwa kichwa, Mjomba alichomwa sindano ya kifuani. Walitoa nyuzi tatu, nyembamba kama tambi. Maabara ile, ambayo sitaitaja, ilitia rangi moja, ikaongeza ya pili, ikarudia ya kwanza kwa sababu haikutoka vizuri, ikajaribu ya sita. Bloku ilipotufikia ili itumwe kwenye kipimo cha jeni niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nta tupu. Ungeweza kusomea gazeti kupitia pale palipokuwa na nyama.

Kwa hiyo, kabla ya sindano au upasuaji, mwambie daktari maneno haya: "Tunaomba kinyama kibakizwe kwa ajili ya kipimo cha jeni." Akiyaandika kwenye fomu ya maombi, sisi tukiyaona tunakata vipande vya akiba siku ileile, kabla rangi hazijala zote. Sentensi moja tu kwenye fomu.

Uliza pia kinyama kimewekwa kwenye nini. Jibu sahihi ni fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake kama mara kumi ya nyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Nimewahi kupokea kinyama ndani ya chupa ya jemu, kimeoga spiriti, lebo ya nanasi bado ipo. Kingine kilikaa kwenye fomalini wiki tatu kwa sababu dereva alikuwa likizo. Fomalini ikizidi inaikatakata DNA, tena inaiharibu herufi C hadi mashine inaisoma kama T. Unaweza kupewa badiliko la jeni ambalo hukuwa nalo. Kinyama kikitoka kwenye mfupa, omba wasitumie asidi kali kuulainisha. Wakitumia EDTA, kemikali ya upole zaidi, DNA inapona.

Bloku ikipaswa kusafiri, nchi nyingine au mkoa mwingine, nta ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 60. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Februari inafika huko. Iweke kwenye begi, kivulini. Na andika namba yake nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu ya wino, kwa sababu mafaili hupotea lakini bloku hukaa kwenye droo miaka.

Kama una vinyama viwili, cha pafuni na cha kichwani, omba kipimwe cha kichwani, au vyote. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha vinyama vya wagonjwa 86 wa saratani mbalimbali zilizofika ubongoni. Kwa asilimia 53 ya wagonjwa hao, uvimbe wa ubongoni ulikuwa na mabadiliko ya jeni yanayoweza kubadilisha tiba, ambayo hayakuonekana kwenye kinyama cha saratani ya awali. Uvimbe wa kichwani na wa kifuani ni ndugu waliotengana zamani. Kila mmoja ameendelea kivyake.

Vipi kipimo cha damu? Kinafaa pale ambapo nyama haipatikani. Lakini ugonjwa ukiwa kichwani tu, DNA yake haimwagiki sana kwenye damu. Majibu ya damu yakisema hakuna kitu, usiyachukulie kuwa ndiyo mwisho. Maji ya uti wa mgongo huwa na habari zaidi za kichwani.

Siku ya bloku ya Mjomba, ile ya kisogoni, nilimwomba mwenzangu akate yeye. Mkono wangu ulikuwa mzima, ila sikutaka.

Soma swichi

Majibu ya jeni huja peke yake, wiki kadhaa baadaye. Kwanza angalia asilimia ya seli za saratani kwenye kipande kilichopimwa. Maabara nyingi hutaka angalau 20. Ikiwa chini ya hapo na majibu ni hasi, hayo ni majibu ya kutopata, si ya kutokuwapo. Vivimbe vya ubongoni mara nyingi vimeoza katikati, hivyo hili hutokea.

Kisha tafuta jina la jeni na badiliko lake. Yasome yote mawili pamoja. Karatasi ya Mjomba iliandika EGFR, eksoni (kipande cha jeni) ya 19, E746_A750del. EGFR ni protini inayokaa kwenye utando wa seli ikisubiri amri ya kukua. Kwake, herufi 15 za DNA zimedondoka, kwa hiyo asidi amino 5, zile shanga zinazounda protini, hazipo, na swichi imeganda ikiwa imewashwa. Seli inakua bila kuamriwa na mtu. Badiliko jingine maarufu ni L858R, ambapo asidi amino moja tu, ya 858, imebadilishwa na nyingine. Yote mawili yalielezwa mwaka 2004, yanapatikana zaidi kwa wasiovuta sigara na kwa watu wa Asia Mashariki, na yote yanaitikia vidonge. Lakini jirani mmoja alikuja anashangilia kwa kuona "EGFR chanya", nikasoma mbele kidogo: eksoni ya 20, nyongeza. Hilo ni badiliko tofauti, na vidonge vya kawaida vya EGFR kwa sehemu kubwa haviligusi. Nilitamani nisingeliona.

ALK ni swichi ya aina nyingine. Kipande cha kromosomu ya 2 kimegeuka, jeni ya ALK ikajikuta imeungana na jirani yake EML4. Kundi la Hiroyuki Mano huko Japani lililieleza mwaka 2007. Ni wagonjwa wachache, kama asilimia 3 hadi 5 ya saratani za pafu zisizo za seli ndogo, lakini kwao ubongo huguswa sana. Kuna pia KRAS G12C, ROS1, RET, BRAF V600E, MET eksoni ya 14. Kila moja ina dawa zake. Uliza kama zilipimwa zote au ni EGFR peke yake.

Utaona na PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kuizuia kinga ya mwili, yenye asilimia. Ikiwa kubwa, watu huambiwa waanze dripu za kuamsha kinga ya mwili. Subiri majibu ya EGFR na ALK kwanza kama hali inaruhusu. Wenye swichi hizo mara nyingi hawafaidiki sana na dripu hizo, na zikitangulia, kisha osimertinib, kidonge cha EGFR, ikafuata muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba inaongezeka.

Swali la kuvuka

Mishipa ya ubongo si kama ya mkononi. Seli za ukuta wake zimeshonana bila upenyo, na juu yake kuna pampu, P-glikoprotini ikiwa mojawapo, zinazozirudisha dawa nyingi kwenye damu. Uvimbe ukikua ukuta unavuja kidogo, lakini hauvuji sawasawa kila mahali. Hivyo dawa inaweza kusafisha kifua na kukiacha kichwa vilevile.

Mfano mzuri ni ALK. Crizotinib, kidonge cha kwanza, kilifanya kazi kifuani, lakini pampu zile zinakirudisha. Alectinib haisukumwi na pampu hiyo. Kwenye jaribio la ALEX, hadi miezi 12 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele ubongoni kwa asilimia 41.4 ya waliotumia crizotinib na 9.4 ya waliotumia alectinib. Swichi ileile, vidonge viwili. Kwa EGFR, osimertinib inavuka vizuri kuliko gefitinib na erlotinib zilizoitangulia. Kwenye jaribio la FLAURA wagonjwa walikaa wastani wa miezi 18.9 kabla ugonjwa haujasonga, dhidi ya 10.2 kwa vidonge vya zamani.

Kwa hiyo muulize daktari hivi: "Dawa hii inavuka kwenda ubongoni? Na kama haipatikani au hatuiwezi, mionzi ya kichwa ianze lini?" Swali la pili si la aibu. Vidonge hivi ni ghali, na mionzi ya kulenga vivimbe vichache inaokoa watu. Ukiambiwa mionzi ya kichwa kizima, uliza kama inawezekana kuikwepesha hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu.

Deksa, vile vidonge vidogo vya kupunguza uvimbe wa maji kichwani, vitakupa nafuu ndani ya siku moja mbili hadi udhani umepona. Havigusi saratani. Usiviache ghafla, na pima sukari.

Mjomba anameza osimertinib mwezi wa 16 sasa, kimoja kila siku, saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari. Juzi akapiga simu. MRI imeonyesha kidoa kipya. Nikamweleza kwamba swichi huwa inajibadilisha chini ya dawa, C797S ni mojawapo ya njia zake, na kwamba bloku ya zamani haiwezi kuyajua ya leo. Atahitaji kinyama kipya, au maji ya mgongo.

"Sawa," akasema. "Lakini ile ya zamani imebaki nene kiasi gani?"

Nilikuwa nimeipima asubuhi ile. Milimita mbili.

"Na wewe unakata mikroni nne." Nikasikia kalamu. "Vipande mia tano."

Nikamwambia vingine huharibika, toa nusu.

"Mia mbili na hamsini basi. Usizitupe."